Tulivyomfukuza Ndovu Nyumbani Kwake

Baba Mwiti,

Kaa vizuri huko uliko, kwa sababu leo nina habari. Nimeona kifaru! Si yule wa kwenye kalenda ya duka la dawa za ng'ombe. Nimemwona mzima, anakula nyasi bila haraka, ndege wamempanda mgongoni na hana habari nao. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado vina vumbi, na sijateleka hata chai. Nimeona bora nikuambie kwanza.

Ndiyo, nimeingia ile hifadhi ya kule Timau. Ile ambayo miaka yote tulipita nje ya waya wake tukienda kwa dada yako, na kila nikikwambia siku moja tuingie, unanijibu, "Nani hulipa kuona adui yake?" Haya, adui yako nimemwona. Ni mrembo.

Lakini nilikaribia kukosa. Kikundi chetu cha akina mama kilipanga safari hii ukiwa bado mzima, na mimi nilikuwa wa kwenda. Ulipotuacha nikawaambia wanitoe. Tangu tukuzike nimekuwa naamka, nakamua, naenda kanisani, narudi, basi. Watoto wakicheka mezani, mimi naondoka kama naenda kuchota maji. Niliogopa, Baba Mwiti. Niliona nikifurahi hata siku moja, hiyo ndiyo siku nitakuwa nimekuacha kabisa. Mwanao Mwiti akanibembeleza, nikakataa. Leo asubuhi jirani yetu Mama Kendi, na unaujua mdomo wake, akasimama mlangoni akaniambia, "Vaa sweta. Gari liko barabarani, na hayo mahindi hayahami." Nikavaa nikiwa nimenuna.

Nilinuna mpaka langoni. Ndani nikashindwa. Heee! Nyasi mpaka macho yanachoka, na mlima wote uko wazi mpaka theluji. Pundamilia wamenona, migongo tambarare, nikajikuta nawachagua kama niko soko la ng'ombe. Mama Kendi naye anamuuliza dereva kama nyati akikamuliwa anatoa maziwa lita ngapi. Dereva wetu, kijana mmoja mpole anaitwa Koome, akakohoa tu. Kisha twiga akaja akainamisha shingo karibu na gari, akatutazama mmoja mmoja. Kope zake, mume wangu! Hakuna bibi harusi hapa kwetu Ruiri amewahi kuwa na kope kama zile.

Ndipo ndovu wakatoka vichakani. Mama mkubwa na mtoto wake, wanakuja moja kwa moja tulipo. Koome akazima injini, akatuambia kwa sauti ya chini tutulie kabisa.

Sijui nani alianza. Wacha uongo, najua. Ni mimi. Mkono ulienda wenyewe ukapiga ubavu wa gari, na mdomo ukatoa ile nduru yetu ya kufukuzia ndovu shambani, "Toka! Toka kwa mahindi!" Basi gari zima likaitikia. Mama Kendi anagonga flaski na kijiko, mwingine ana kifuniko cha sufuria ya mukimo wetu wa mchana, wote tunapiga kelele kama tumeingiliwa shambani. Ndovu akasimama. Akafungua masikio yote mawili. Koome akatugeukia.

"Akina mama, nawaomba! Hapa ni kwake! Hakuna mahindi hapa!"

Tukanyamaza, flaski bado iko juu. Yule ndovu akatutazama, akapuliza vumbi, akampitisha mtoto wake nyuma ya gari polepole kabisa. Hakujali.

Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka leso ikaanguka, mbavu zikauma, Mama Kendi akanishikilia. Halafu nikalia humo humo ndani ya kicheko, maana fundi wa kazi ile alikuwa wewe. Wewe na debe lako pembeni mwa shamba, unawatukana ndovu kwa Kimeru na kuwapa majina ya kaka zangu. Ungetuona tukimfukuza mwenye boma bomani kwake, ungepasuka! Na nikushangaze: miezi yote hii ya kununa sikukusikia hata mara moja. Leo nikicheka, nilisikia kicheko chako kabisa, kile cha kukohoa kwanza. Nilikaribia kugeuka nikuambie uniachie nafasi kwenye kiti.

Habari za nyumbani ni njema. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwiti amerekebisha lile bomba la maji lililokushinda, na anajivuna sana, afadhali hauko kumsikia. Wiki jana ndovu walikula migomba ya chini. Nimewasamehe. Nusu.

Tukirudi, mwenyekiti wetu akauliza nani atakwenda Desemba kule mbuga ya Meru pamoja na wajukuu. Unajua nilivyo tangu uende. Hata dukani, nikiulizwa unga gani, huwa nageuka kwanza kukutafuta, kisha nakumbuka. Leo mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Nilipoushusha ndipo nikagundua sikugeuka.

Lakini sikubadili uamuzi.

Lala, mume wangu. Kaburi lako nalipalilia Jumamosi, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila ruhusa ya kuishi sitakuja kukuomba tena. Nakuahidi nitaishi, tena kwa kelele.

Mkeo,
Mama Mwiti