Anwani Kamili ya Mama

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa moyo wa mama yako ambao bado unamsumbua. Najua utacheka kuona ujumbe wa simu wenye tarehe na jina la mwandishi chini, lakini mtu aliyesambaza barua maisha yake yote hawezi kuandika kihuni.

Tumemwandikisha mama yako kwa ajili ya upasuaji. Karani alisema wagonjwa sasa wanaitwa na programu, nikamwambia, "Aliyeitengeneza ni binti yangu." Foleni nzima ikageuka! Fomu nimejaza mwenyewe. Wenzangu waliandika "kiwandani" basi, kana kwamba kiwandani anaishi mtu mmoja. Mimi nimeandika: nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mkabala na shule. Nikawaandikia hivyo hivyo na wengine waliokuwa wakihangaika na kalamu. Sasa tunasubiri ujumbe wa kuitwa.

Akupendaye,
Baba

5 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenikaba koo.

Nimecheka hapa ofisini hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni. Programu yenyewe ni rahisi: kila mgonjwa ana mstari wake kwenye faili. Jina, mkato, anwani, mkato, namba ya simu. Ikiona mkato inajua kitu kimoja kimeisha, kinaanza kingine. Ikifika kwenye namba inatuma ujumbe. Haichoki wala haina upendeleo. Kwa hiyo tafadhali, usiende kuwasumbua makarani, maana nakujua. Tulieni nyumbani, zamu ya mama itafika.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Za hapa si nzuri. Mama yako sasa analala ameketi, mito mgongoni, na akienda jikoni anashika ukuta. Jirani yetu fundi viatu, aliyejiandikisha baada yetu, ameshaitwa na amerudi na mshono wake. Leo nilivaa viatu niende kuuliza. Mama yako akanizuia: "Mwanangu amesema tusubiri. Unataka kumwaibisha kazini kwake?" Nikavua. Lakini roho haijatulia. Hebu tuangalizie.

Baba

6 Mei

Baba,

Salamu baadaye. Mpeleke mama hospitali sasa hivi, msisubiri ujumbe wowote. Nimeshawapigia, wanawangoja.

Nilikaa kimya nikidhani ni haraka zako za kila siku. Leo ndipo nimefungua faili. Anwani yako ina mikato ndani yake. Programu imeikata vipande, na pale ilipotarajia namba ya simu imekuta "nyuma ya kiwanda cha sabuni". Mimi ndiye niliyeiagiza ikikuta mstari usioeleweka iuruke kimya kimya, kazi isisimame. Niliijaribu kwa anwani za neno moja moja tu, nikaridhika. Wote uliowaandikia wamerukwa pia. Nimesharekebisha.

Usijilaumu, baba. Uliandika sawasawa. Nijibu mkifika tu.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Pole sana, na mimi nipe pole. Najua shangazi yako alikupigia. Mimi sikuwa na sauti.

Tulimfikisha. Walimpokea vizuri, daktari alikuja mbio. Ila moyo ulikuwa umeshachoka.

Umeniambia nisijilaumu. Najilaumu. Na wewe nimekukasirikia, sikufichi. Kuna siku niliandika maneno makali nikayafuta. Halafu nakufikiria ukilia huko ng'ambo peke yako, hata maziko hukuyawahi, hasira inaniisha, nabaki na huzuni tu.

Wale niliowaandikia anwani wameitwa wote. Wanakuja msibani, wananishika mkono, wananishukuru. Nawakaribisha wakae.

Nina ombi moja. Tulipotoka makaburini simu yangu ililia. Ilikuwa programu yako: mama yako afike Jumanne, ajibu ndiyo au hapana. Jumanne imepita, ikampangia siku nyingine, na kila asubuhi inauliza tena kama atakuja. Nimejaribu kuandika hapana, mkono unakataa. Wewe unajua kuongea nayo. Naomba uijibu wewe.

Baba yako