Fundi wa Miguu ya Watu

9 Januari

Mama yangu mpenzi,

Umeamkaje huko? Sukari imetulia? Mimi mwili mzima, ila moyo unanidunda kwa hili ninalotaka kukuambia. Kaa chini kwanza.

Nimeacha kazi benki. Sijafukuzwa, sijaiba, sijagombana na mtu. Niliandika mwenyewe kuomba kuondoka, nikarudisha funguo.

Unamkumbuka yule fundi mwenye karakana ya miguu ya bandia, aliyekuja kuomba mkopo nikamnyima kwa sababu hana dhamana? Hakununa. Alinialika nikaone anachofanya. Nikaenda mara moja, nikarudi tena, mwisho kila Jumamosi nikawa niko kule. Nimemwona mtu aliyeletwa kwa mkokoteni akiondoka kwa miguu yake. Mama, miaka yote ile benki sijawahi kuona mtu akiinuka mezani kwangu anacheka. Fundi amekubali kunifundisha kazi.

Najua unawaza kadi ya bima, maana benki ndiyo iliyokuwa inalipia kliniki yako. Nipe miezi michache nitafute njia. Wewe usikose kliniki, nitakuwa natuma kile ninachopata.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu, baba yangu,

Salamu zako zimefika. Mimi sijambo. Wewe je, kichwa hakikuumi? Maana nilivyosoma barua yako nilidhani una homa.

Watu wanapigana vikumbo wapate kiti ulichokiacha. Kiti kinazunguka, feni juu, chai inaletwa mezani! Wewe umekiacha ukakumbatie miguu ya watu. Jirani akiniuliza nimjibu nini? Kwamba mwanangu aliyesoma hesabu mpaka macho yakaingia ndani sasa ni seremala wa magoti? Nimekasirika, sikufichi. Nilipokuwa nafua nguo za watu ili usome, nilikuwa naiona ofisi mbele yangu. Karakana sikuiona.

Mambo ya kliniki usijipe presha. Dawa ninazo, na miguu yangu yote miwili iko salama, kwa hiyo biashara yako kwangu haitafika.

Nisalimie huyo fundi aliyekuroga.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Umenuna vya kutosha au nikuongezee muda? Barua yangu ya mwezi uliopita hukujibu. Hali yako vipi? Unakula? Unalala?

Nakuandikia mikono imejaa vumbi la plasta. Leo nimekabidhi mguu wa kwanza nilioutengeneza mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni wa mama mmoja muuza mkaa, mkali kuliko wewe. Kazi yenyewe inaanzia mikononi: unaloweka bendeji za plasta kwenye ndoo ya maji, unazizungusha kwenye kigutu, pale mguu ulipokatwa, halafu kabla hazijaganda unabonyeza kwa vidole gumba huku unamuuliza mtu, hapa panauma? Na hapa je? Fundi Mkuu, yule niliyemnyima mkopo, hataki kabisa tukadirie kwa macho. Anasema pale ulipoogopa kubonyeza ndipo mguu utakapomchubua mwenyewe.

Yule mama alinitukana matusi yote anayoyajua. Lakini alipousimamia mguu wake alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akasema kiatu cha kushoto kinampwaya. Tulicheka wote mpaka machozi. Mama, nilirudi nyumbani naimba njiani kama mlevi.

Ila kadi bado sijapata njia. Malipo ya hapa ni ya kubahatisha. Kliniki unaenda? Niambie kweli.

Mwanao

11 Mei

Baba yangu,

Mimi sijambo, na wewe ujitunze hicho kifua na hilo vumbi. Kliniki naenda.

Huyo muuza mkaa nimempenda, mwambie asikulegezee. Nilimsomea jirani ile barua mara mbili, mara ya pili aliomba mwenyewe. Sijasema nimekusamehe, usianze kutamba.

Kiatu kimenichubua kidole, lakini ni kidogo tu.

Mama yako

15 Septemba

Mwanangu,

Najua nimekaa kimya mpaka umeanza kuulizia kwa watu. Nipo hai. Shika hilo kwanza.

Wamenikata mguu. Wa kulia, chini ya goti. Kile kidole kilioza, ukafuata unyayo. Kliniki nilikuwa siendi. Niliacha tangu Machi, kadi ilipokataliwa dirishani mbele ya watu, nikaona aibu kurudi. Vidonge nilikuwa navigawa nusu nusu. Ulichokuwa unatuma kiliishia kwenye chakula.

Nilitaka kukuambia, kalamu nilishaishika, ndipo ikaja barua yako ya yule muuza mkaa. Tangu uanze kazi sijawahi kukusikia una furaha namna ile. Ningekuambia, ungerudi benki siku hiyo hiyo. Nikasema acha kwanza mtoto afurahi, kidole kitapona.

Usinililie. Kidonda kimefunga, daktari amesema sasa naweza kupimwa mguu wa bandia. Nimemwambia fundi ninaye, tena wa kumzaa mwenyewe. Manesi wote nimewatangazia. Njoo unipime, baba. Sitaki mkono wa mtu mwingine.

Mama yako

29 Oktoba

Mama,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Nisamehe kwa kuja kukupima halafu nikaondoka nyumbani kwako bila kuaga. Uliniangalia nikiloweka bendeji, ukanitania kwamba maji ni ya baridi, ukafunua kigutu ukakiweka juu ya mto. Mzunguko wa kwanza niliufunga. Ilipofika kubonyeza, vidole vilikataa. Ukaniambia, "Bonyeza, siumii." Nikakimbilia uani. Niliporudi, bendeji zilizobaki zilikuwa zimeganda ndani ya ndoo, na wewe unajifuta plasta peke yako kwa kanga.

Nimewapima watu wengi pale karakana, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyesababisha wakakatwa. Wa kwako namjua. Niliporudi kazini nilijaribu kumpima mzee mmoja, nikamwachia mwenzangu katikati.

Nimerudi benki. Meneja amenipokea, ila si kwenye kiti kile, ni kingine huko nyuma karibu na stoo. Kadi yako itaanza kufanya kazi Desemba. Fundi Mkuu ameahidi kuja kukupima mwenyewe. Usibishe, mama, nakuomba.

Mwanao

6 Februari

Mama,

Salamu. Mimi mzima. Kazi inaendelea vizuri. Kadi imelipiwa ya mwaka mzima. Usikose kliniki.

Mwanao

25 Februari

Mwanangu, baba yangu,

Barua yako nimeipata, haikunichosha kuisoma. Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Kliniki naenda, kadi inapita, na yule wa dirishani siku hizi ananiita mama.

Fundi Mkuu alikuja. Alinibonyeza nikamtukana, akaendelea kubonyeza. Mguu ni mzuri, haunichubui popote, natembea nao mpaka dukani na kurudi. Wakati anafunga vifaa vyake nilimuuliza kama ulikuwa na mkono mzuri. Aliangalia nje kwanza, halafu akasema ulikuwa nao mzuri sana.

Nilipokulaumu kwa kuacha benki hukunisikia. Sasa sikukuomba urudi, umerudi. Umenipa kadi, nashukuru, naitumia. Lakini sina raha, na nakuambia wazi kwa sababu kuficha kumeshatugharimu. Hiyo barua yako niliirudia tena na tena, natafuta umekula nini, nani kakuudhi, nani kakuchekesha. Hamna mtu humo ndani. Hata wewe mwenyewe sijakuona.

Mama yako