Filme Yenye Sikuiona

Grand Byamungu, mkubwa wangu,

Ni miye Bonheur, mtafsiri wa filme namba moja wa kambi ya Kashojwa. Namba moja kwa sababu weye haupo tena. Kama unacheka huko, cheka tu. Kibanda chetu cha filme kingali kimesimama, na ile spika ya kushoto ingali inakoroma. Sasa ni miye ninashika mikro na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale Wazungu wanayoongea ukutani. Wananipigia makofi mingi, Grand. Yaani, walikuwa wananipigia.

Nakuandikia juu ya ile Ijumaa ya Mbarara. Ulikuwa kitandani hospitalini, na bado unachagua filme mpya za wiki kwenye simu kama vile tungezionyesha kesho yake. Zilikuwa tatu: ya mashetani, ya bunduki, na ile ya mzee mgonjwa mwenye mtoto wake yuko mbali. Ukaniambia, "Bonheur, nenda sinema, ingia ile ya mzee. Uangalie mpaka mwisho, uje unielezee."

Niliingia ya bunduki.

Nilisimama mbele ya zile picha za mlangoni nikajisemea, kijana mzima kama miye nikalie gizani na wamama? Nikaona watu wakirushwa madirishani saa mbili nzima, na bisi mkononi. Halafu nikapanda ngazi za wodi nikitunga maneno.

Ulikuwa umeketi, mito miwili mgongoni. Mama Neema, mke wako, alikuwa anakumenyea chungwa. Hata haukunisalimia. "Mzee anapona?" Na huu mdomo wangu! "Anapona, Grand! Anacheza kwenye ndoa ya mtoto wake mpaka suruali inapasuka!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukamgeukia mke wako: "Basi tumuache Neema amalize mitihani. Nitamuona nyumbani."

Kumbe mulikuwa mumepanga kumwita binti yenu siku ile ile. Sikujua. Nina hilo tu la kujitetea, na halitoshi. Jumapili ukatutoka. Neema alikuta sanduku limeshafungwa.

Wiki iliyopita tulimaliza matanga yako. Mama Neema akaniomba nionyeshe filme ile, "ya mwisho yenye baba alielezwa, akacheka." Ilikuwa imeshafika huku kwenye flashi. Weye haukutafsiri hata siku moja filme yenye haujaiona kwanza peke yako, asubuhi, daftari mapajani. Miye niliogopa kuiona. Nikajigamba kwamba nitaitafsiri moto moto.

Mzee alikufa katikati, Grand. Katikati! Filme ingali ndefu. Nikasema kwenye mikro, "Amelala, dawa ni kali." Wakamweka kwenye sanduku. Nikasema wanampeleka kwa daktari mwingine. Mrundi mmoja wa benchi la nyuma akapaza sauti: "Ewe Bonheur, wanamzika, na weye unasema anatibiwa!" Kibanda kizima kikacheka, siku ya matanga yako. Mama Neema hakucheka. Neema alikuwa kando yake, anaangalia tu ukuta.

Tulipotoka nje Mama Neema akaniuliza polepole, "Bonheur, ile siku uliiona kweli?"

Nikajibu, "Niliiona, Mama. Labda hii wameikata."

Wameikata! Akanishika bega, akasema nisihuzunike, nimejitahidi. Bora angenipiga kibao.

Tangu hapo ninazungukia njia ya visimani nisipite kwao. Vijana wakiniona wanauliza, "Docteur, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nacheka nao. Halafu nikifika fasi yenye hakuna mtu, sicheki tena.

Basi pumzika, Grand. Sikuombi msamaha kwanza, maana weye hauwezi kunikatalia, ni rahisi mno. Kesho wakitoka kanisani nitaenda kwao. Nitamwambia Mama Neema, na Neema akiwepo, asije akasikia kwa mtu mwingine: Neema, baba yako alitaka kukuita, na ni miye niliyemzuia kwa uongo wa filme yenye sikuiona. Wakinifukuza, nitaondoka. Wakiniuliza kitu, nitajibu hicho walichouliza, na sitaongeza neno.

Mdogo wako,
Bonheur