Nilikwenda Kutafuta Mashine

Jumanne, 4 Juni
Miaka sita naumwa mgongo, na leo ndiyo zamu yangu kwa mtaalamu wa viungo. Nimevaa shati la kutokea. Nilitarajia mashine — ya kuvuta, ya umeme, yoyote! Nikakuta mkeka, mpira mkubwa na kiti cha plastiki. Na dada wa umri wa binti yangu. Kaniuliza nataka nini kutoka kwake. Swali gani hilo? Nataka nipone! Kaandika, kanipa mazoezi ya kufanya nyumbani. Hata kunigusa hakunigusa.

Jumatano, 5 Juni
Karakana. Fundi makochi mimi, nawakalisha watu raha mustarehe, mwenyewe dakika kumi kitini siwezi. Mwenzangu kazini kacheka mpaka kadondosha nyundo: eti nimepewa mazoezi ya chekechea. Lala chali, kunja goti, hesabu kumi. Sijafanya. Mke wangu kanibebea maji ya kuoga, kama kawaida. Kauliza mazoezi vipi. Kesho, nikamwambia.

Jumanne, 11 Juni
Kwenye benchi la kusubiri tulikuwa watatu, wote mgongo. Dereva wa lori anataka akandwe mpaka mifupa ilie. Maneno, anasema, hata kwake yamejaa. Mama mmoja, mwalimu, kasema taratibu kwamba yeye anataka aaminiwe tu. Miezi minne sasa mkuu wake anamwambia anajifanya mgonjwa.
Ndani, dada akauliza kama nimefanya. Kila siku! Haya, baba, nioneshe. Nikalala mkekani, nikasahau hata naanza na goti lipi. Hakunisuta. Afadhali angenisuta.

Ijumaa, 14 Juni
Nimefanya mara mbili. Inauma! Dawa gani hii ya kuongeza ugonjwa?

Jumanne, 18 Juni
Leo nimemuuliza bila kuzunguka: nitapona lini? Akavuta kiti, akakaa. Huenda maumivu yasiishe yote, baba. Yatapungua, na mengi utayafanya hata yakiwepo.
“Sasa hapa nafuata nini?”
Nikatoka, kadi nikamwachia mezani. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, nachemka. Mlangoni ndipo nikakumbuka kuwa siku zote njia ile hata nusu siifikishi. Hasira nayo ni tiba? Upuuzi. Sirudi.

Jumamosi, 22 Juni
Nilikuwa chali sebuleni, goti kifuani — siri yangu na sakafu — mke wangu akaingia na ndoo mbili. Akadhani nimeanguka! Mazoezi tu, nikamwambia. Akazitua. Akafunga mlango. Kisha akashuka kwa kushika ukuta, kidogo kidogo, meno kayauma, akalala kando yangu.
“Nifundishe na mimi.”
Nikacheka. Yeye hakucheka.
“Tangu lini?”
“Mwaka wa pili huu.”
“Mbona hukusema?”
“Nyumba ilishakuwa na mgonjwa, baba watoto. Wawili nani angewabeba?”
Nikamshika goti, alikunje polepole. Moja, mbili, tatu — akakaza uso. Ngoja, akasema. Nikangoja. Nimsukume? Nimwachie? Sijui! Mimi ya kwangu tu ndiyo niliyokuwa nauliza kule.
Nimelivuta daftari, naandika hapa hapa chini. Kajaribu kuinuka, kashindwa. Nimempa mkono. Anaukataa. Eti nisimwinue, nitaumia.