Gunia Lililoandikwa Shija

Mutuka, Babati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepunguza kuuma? Mvua imefika huko Shinyanga? Sisi huku wazima, Neema ameota jino la pili na mashine yangu ya kusaga inanguruma tangu asubuhi. Barua hii nimemtumia pacha wangu Doto kwa basi, akusomee mkiwa wawili, mlango umefungwa. Simu yako anashinda nayo Baba Mdogo, na habari hizi si za masikio yake. Kaa chini kwanza. Ni habari njema.

Hapa mashineni kila gunia huandikwa jina kwa mkaa, unga wa watu usichanganyike. Nimezoea kusoma Gwandu, Qamara, Mzee Hassani. Jumanne nikakuta limeandikwa SHIJA. Nikauliza mwenyewe ni nani, akajitokeza dereva wa bajaji, mrefu kama marehemu baba.

"Wewe Msukuma?"

"Mimi Mmbulu wa Singe, dada."

"Mapacha waliokutangulia wako wapi?"

"Mapacha gani? Kwetu nimezaliwa peke yangu. Mama Neema, hapa tunasaga au tunahojiwa?"

Foleni nzima ikacheka. Lakini sisi Wasukuma tunajua, Shija ni mtoto anayefuata mapacha, hajitokezi tu. Nikamuuliza umri. Thelathini na mbili. Mimi na Doto thelathini na sita. Toa, inabaki minne, na miaka minne ndiyo tuliyokuwa nayo ulipojifungua mdogo wetu. Nikazima mashine mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yangu, nikapanda bajaji yake hadi Singe kwa mama aliyemlea.

Ni mjane wa dereva wa lori. Hakuficha. Alisema mtoto aliletwa na mwanaume aliyedai ni mjomba wake, eti mama mzazi amefariki. Mwanaume huyo mkono wa kushoto hana kidole gumba, kama Baba Mdogo. Mumewe akampa mitamba miwili ya shukrani, akamsafirishia kwa lori hadi Shinyanga mjini.

Mama, unaikumbuka ile mitamba? Baba Mdogo aliondoka na Shija kumpeleka hospitali ya mbali, akarudi na ng'ombe. Akasema mtoto amefariki na kuzikwa hukohuko, na ng'ombe ni urithi wake yeye kutoka kwa wazee. Ukauliza kaburi, akakufokea. Tukanywa maziwa yao miaka tisa! Hilo simsamehe. Na wewe nakulaumu kidogo, maana ulitukataza hata kumtaja mdogo wetu. Yule mwizi alibadilisha jina la baba na la kijiji, hata kukuua akakuua. Jina la Shija tu ndilo hakuligusa. Anaogopa miiko ya mapacha kuliko polisi.

Polisi tumeshakwenda, na mama wa Singe ameandikisha maelezo. Ijumaa tunakuja mimi, Shija na askari. Mpaka hapo Baba Mdogo asihisi kitu, akikimbia hatutampata tena. Mpikie kama kawaida, mwongezee hata nyama, asibanduke kitini.

Na mwanao usimlilie, ni mzima kabisa. Anacheka kama Doto, mpaka kuku wanatawanyika, na ugali anakula wa watu watatu. Mama wa Singe anaogopa utamnyang'anya. Nimemwambia, "Mama, mtu wa kimo hiki anawatosha wawili." Kama nimekosea utanisahihisha, ila nadhani sijakosea.

Nisalimie Mama Mkubwa wa kwaya, na babu anayetuchungia mbuzi. Baba Mdogo usimpe salamu; zake nakuja nazo mwenyewe.

Ni mimi mwanao wa mashine,
Kulwa

Shija amekataa barua ifungwe kabla hajaandika yeye:

Shikamoo mama. Ni mimi, Shija. Usiitikie sasa hivi. Hiyo marahaba naifuata mwenyewe Ijumaa.