Nilikuja Kumchukua Rehema

Johannesburg, Jumamosi

Sijui nitamweleza nini Mama. Alinituma nimrudishe mdogo wangu Rehema Tanga, maana haamini kama mtu anaweza kuishi salama mji huu.

Leo Rehema kanitembeza mtaa wa Newtown kwa miguu. Nilikumbatia pochi njia nzima. Ghala moja lililokuwa gofu sasa lina madirisha mapya, na humo ndimo alimofungua duka lake la ushonaji. Mwanga wa jioni ulipita kwenye vioo ukalala juu ya vitenge, mafundi wanaimba, nami nimekaa kama niko ndotoni.

"Dada, bado unanichukua?"

Niliiweka pochi juu ya vitenge.

Mama kapiga simu sasa hivi. "Mnarudi lini?"

"Mama," nikamwambia, "njoo wewe."