Jeneza la Ismaili Lilikaa Juani

Koboko, Jumapili

Dada Kaltuma,

Ismaili amekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza, na kwa sababu tangu juzi sina mtu wa kumwambia jinsi ninavyofurahi. Ndiyo, nimefurahi. Mama akinisikia ataniziba mdomo kwa kanga yake, lakini wewe hutanisuta.

Mumeo tumemzika Ijumaa, baada ya swala. Yaliyotokea uani kabla hajabebwa nitakueleza, ila ngoja kwanza, maana uliondoka na mengi huyajui. Hata ugonjwa wako hukuujua jina.

Unakumbuka walivyosema? Baridi ya mto. Mwaka ule wa 1979, serikali ilipoanguka na sisi watoto wa askari tukakimbilia Zaire, ulivuka ukiwa katika siku zako, maji yakakufika kiunoni. Basi kila mwezi ulipojikunja kwenye mkeka jibu lilikuwa lile lile: baridi imeingia tumboni, itolewe kwa moto. Wakakukalisha juu ya shimo la moshi mpaka mapaja yakababuka. Wakakukanda kwa mawe ya moto, wakakunywesha pilipili. Na Ismaili, aliyekuoa kule kule ukimbizini, alisimama mlangoni na kusema, "Hii mwanamke iko mvivu tu. Kila mwezi mgonjwa, kila mwezi mgonjwa." Mshenzi yule.

Tuliporudi Koboko ulinifundisha kusuka kawa. Maumivu yakija hukulia. Uliuma ukindu, ukafumba macho, ukanipungia mkono niendelee. "Suka, mdogo wangu, usiniangalie mimi." Ile kawa nyekundu na zambarau ninayo hadi leo, na ukingoni pana mahali palipotafunwa. Nafunikia chakula changu mwenyewe, simwazimi mtu.

Halafu ile siku. Siku zako zilikuwa zimechelewa. Uliniambia kwa kunong'ona, ukacheka, ukasema tusimwambie mtu bado. Asubuhi ya soko ukaanguka kando ya jiko, midomo imekuwa myeupe, unasema bega linauma. Nikashangaa, tumbo na bega wapi na wapi? Pikapu ya kwenda Arua ilikuwa imesimama barabarani, inapakia tumbaku. Nikakimbia sokoni kumwita mumeo. Hakuinuka hata kwenye kiti. "Wacha. Ni ile tumbo yake ya mwezi. Atasimama." Pikapu ikaondoka. Hukusimama, Dada. Adhuhuri ilikukuta umeshakwenda, kichwa chako kiko mapajani mwangu.

Na hilo halikumtosha. Jeneza lako likiwa uani, shehe akauliza kama ilivyo kawaida yetu: "Nani iko na neno na marehemu? Tumsamehe, aende salama." Watu wote wakajibu tumesamehe. Ismaili akasimama. "Mimi hapana samehe. Amenikalia bure miaka yote. Tumbo yake ilikula watoto yangu." Mke yuko ndani ya sanda, mume anamnyima msamaha! Shehe akamsihi, yeye akageuza uso. Ukapelekwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nimejiziba mdomo kwa ngumi. Siku ile ile niliapa kwamba na yeye atanikuta kwenye jeneza lake.

Baadaye tumbo langu nalo likaanza. Mama akalia, akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo la moshi. Baridi ya mto, akasema. Nikamwuliza, Mama, mto gani? Mimi nilivuka mgongoni mwa Kaltuma! Miguu yangu haikugusa maji. Akaliweka jembe chini. Moto wenyewe hatukuuwasha.

Nikapanda lori la Arua, juu ya magunia. Daktari wa kwanza akanipa Panadol, akasema nikizaa itakwisha. Wa pili akanitibu kaswende bila hata kunipima, na macho yake yakanitukana. Nikarudi Koboko, nikaenda tena, nikarudi, nikaenda tena. Mwishowe nikampata daktari mmoja, mwanamke mfupi, mkali. Huyo aliniuliza mambo ambayo hata Mama hajawahi kuniuliza: ukienda haja inauma? Mgongo je? Ukiwa na mume je? Nikajibu huku nalia, kwa sababu yote yalikuwa ndiyo.

Alinipasua. Akatoa uvimbe uliojaa damu nyeusi, nzito. Akasema ugonjwa unaitwa endometriosis, nikamwomba alirudie jina mpaka likakaa mdomoni. Ni nyama inayofanana na ile ya ndani ya nyumba ya mtoto, lakini imeota nje, mahali si pake, na kila mwezi inatoa damu isiyo na mlango wa kutokea. Hakuna mto hapo, Dada. Hakuna uvivu. Sasa nachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu, ile ile ya kupanga uzazi, ili damu ilale. Wanawake kwenye foleni wananicheka: "Hata mtoto hana, anapanga nini?" Nawajibu napanga kusimama wima. Ugonjwa haujapona, ziko siku bado unaniangusha, lakini si kila mwezi.

Nikamweleza daktari habari zako. Siku zilizochelewa, kuanguka, bega. Akasema hakuwepo, hawezi kuapa, lakini ugonjwa huu huharibu mirija, na mimba inaweza kukwama njiani na mrija ukapasuka. Damu ikijaa tumboni, bega huuma. Mtu wa hivyo hukimbizwa hospitali palepale, akasema.

Dada, inaelekea ulikuwa na mimba. Mimba ya Ismaili.

Basi Ijumaa shehe akauliza lile swali. Nikapita katikati ya wanaume, kanga kichwani, nikasema, "Mimi niko na neno." Wakaniambia nikae. Sikukaa! Nikawaambia: huyu mutu alimnyima dada yangu msamaha hapa hapa, akasema tumbo lake linakula watoto. Lile tumbo lilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa una jina. Na siku aliyokataa kuinuka kwenye kiti, lilikuwa na mtoto wake. Simsamehe mpaka mtu wa damu yake alirudishe lile neno kwa sauti, mbele ya watu wote.

Shehe akatazama chini. Hakuna aliyethubutu kugusa jeneza. Jua lilikuwa kali sana, na jeneza likakaa pale pale juani. Niliwaona wabebaji wakitoka jasho na sikuona huruma hata kidogo. Nilitamani likae mpaka jioni.

Mwisho kaka yake mkubwa, Mzee Hamisi, akajiinua kwa fimbo yake. "Kaltuma hapana kosa. Ndugu yangu alisema uwongo. Tunaomba yeye msamaha." Huko nyuma nikasikia Mama anapiga kelele, analia jina lako. Nikasema, "Sasa mubebe."

Sikusema nimesamehe. Nadhani shehe aligundua, maana aliniangalia kidogo kabla hajaanza kutembea. Nilisema wabebe tu. Msamaha ni wako, siwezi kuugawa mimi.

Lile shimo la Mama nimelifukia, nimepanda mihogo juu yake. Nakuahidi, maadamu niko hai hakuna msichana wa ukoo wetu atakayekalishwa juu ya moshi. Atakayejikunja nitampandisha lori mimi mwenyewe, hata kama siku hiyo na mimi nimejikunja.

Pumzika, Dada. Na Ismaili akifika huko kukuomba, usiinuke upesi kwenye kiti.

Mdogo wako uliyemvusha mto,
Sauda